Jani Nalo Lihojiwe

Asubuhi za soko mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, akina mama wa kabichi wakiwa bado wanapanga malundo yao, kipaza sauti huanza kulia kando ya barabara. Nyuma ya meza ya mbao amesimama kijana. Mbele yake kuna chupa za plastiki ambazo wiki iliyopita zilikuwa za soda; leo zimejaa maji ya rangi ya udongo wa mlimani. Orodha ya magonjwa inashuka bila kituo: tifoide, amiba, mkojo unaochoma, kidonda kisichokauka, tumbo la uzazi, mgongo. Orodha hiyo naijua tangu utoto. Kilichoongezeka miaka hii ni mstari wa mwisho: hata mikrobe iliyoshinda sipro, hata iliyoshinda sindano za seftriaksoni, kwa chupa hii inakufa.

Watu husimama wakasikiliza, na sishangai, maana maneno hayo hayatoki sokoni tu. Nimeyasikia redioni kwa watu wenye shahada. Nimeyasikia nje ya kanisa baada ya ibada. Nimeyasoma katika kazi za kumaliza masomo, yakiwa yamevalishwa majedwali na majina ya Kilatini. Ukiyavua mapambo yanabaki hivi: antibiotiki zimechoka kwa sababu bakteria wamezizoea, msitu wetu una majani ambayo bakteria hawawezi kuyazoea, kwa hiyo jibu la usugu wa dawa ni kurudi kwenye majani. Fikra hii imeenea kiasi kwamba anayeipinga hudhaniwa ama amenunuliwa na kampuni za dawa ama anawaonea aibu wazee wake. Mimi naipinga. Sijanunuliwa, na wazee wangu ndio walionifundisha kutofautisha mubirizi, mmea wetu wa dawa, na majani yanayofanana nao.

Nusu ya kwanza ya hoja yao ni kweli, tena kweli ya kutisha. Hesabu kubwa iliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ilionyesha kwamba mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani waliuawa moja kwa moja na bakteria sugu, na kwa kulinganisha na idadi ya watu, mzigo mzito zaidi uliangukia Afrika kusini mwa Sahara. Hata nchini mwetu hatuzungumzii jambo la kusikia. Katika hospitali ya Kisantu, kule Kongo ya Kati, watafiti wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, wamekuwa kwa miaka mingi wakiotesha maabarani damu ya watoto wenye homa. Mwaka 2019 dunia ilitangaziwa kutokana na kazi ya namna hiyo kwamba Kongo ina ukoo wa Salmonella Typhimurium uliojikinga dhidi ya karibu kila dawa ambayo mganga wa hospitali ya wilaya anaweza kuifikia. Mtoto akiingia na bakteria huyo damuni, mganga anabaki na mikono mitupu. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba antibiotiki ziko salama. Ninachokataa ni nusu ya pili.

Tuanze na sahani, maana ndiyo shahidi wao mkuu. Mwanafunzi anachuma majani, anayakausha kivulini, anayasaga, anayaloweka katika methanoli, kisha anaiacha methanoli iruke mpaka abaki na rojo nyeusi. Anachukua sahani yenye jeli ya agari, anaipaka bakteria, anaweka juu yake kipande kidogo cha karatasi kilicholowa ile rojo. Kesho yake bakteria wameota sahani nzima isipokuwa kuzunguka karatasi, ambako kuna duara safi. Anapima duara kwa rula: milimita 14, milimita 18. Anaandika hitimisho: mmea huu unaweza kuwa mbadala wa antibiotiki. Mpaka kwenye duara nakwenda naye. Kwenye hitimisho tunaachana.

Wakati wa Ebola hapakuwa na mtu aliyepita kizuizi kati ya Beni na Butembo bila kunawa maji ya klorini. Ile ya mikono ilikuwa ya asilimia 0.05, chungu puani, na mikono ilikuwa ikitoka imekauka kama gome. Klorini ile ukiiweka juu ya sahani ya yule mwanafunzi itachora duara zuri. Sabuni nayo itachora, siki itachora, limau litachora. Hakuna aliyetuambia tunywe klorini ili tupone nimonia. Kuua bakteria ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kumuua bakteria ndani ya mtu na kumwacha mtu, na sahani haina ini, haina figo, haina mimba, haina mtoto wa miezi minane mwenye utapiamlo.

Halafu kuna suala la kipimo, ambalo kazi nyingi za aina hii hulipitia kama mtu anayeruka dimbwi. Wataalamu wenyewe wa fani ya mimea huiona rojo inayohitaji zaidi ya miligramu 1 kwa kila mililita kuwa dhaifu, ilhali majedwali yetu yamejaa miligramu 10, 50, hata 100. Chukua hiyo 10. Mtu mzima ana lita kama 5 za damu. Ili damu yake ifikie kiwango kilichochora duara, lazima gramu 50 za rojo tupu ziwe zinaogelea mishipani mwake kwa wakati mmoja, na hapo sijahesabu maji mengine yote ya mwili, wala zile saa ambazo ini na figo zinafanya kazi ya kuitoa. Hiyo si dozi. Na kumbuka rojo ilitolewa kwa methanoli, pombe inayompofusha anayeinywa. Muuzaji wa sokoni amechemsha majani kwa maji. Kilichopimwa chuoni na kilichomo chupani ni vitu viwili vinavyotumia jina moja.

Wengine hunijibu: lakini jani lina vitu vingi ndani yake, bakteria hawezi kuvizoea vyote kwa pamoja. Ni hoja nzuri masikioni. Ila bakteria na mimea wameishi pamoja mamilioni ya miaka kabla sisi hatujapanda muhogo wala ndizi, na muda huo wote mmea umekuwa ukitengeneza sumu na bakteria amekuwa akitengeneza njia za kuitema. Berberini, ile rangi ya njano iliyomo katika mimea kadhaa ya dawa, huua bakteria, lakini Staphylococcus aureus, huyu wa majipu na vidonda, ana pampu kwenye ngozi yake inayoisukuma nje. Kazi iliyochapishwa mwaka 2000 ilionyesha kwamba mmea wenyewe hutengeneza dutu nyingine ya kuiziba pampu hiyo, yaani mmea unajua habari za usugu kuliko sisi. Na hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila muuza chupa aisikie: pampu hiyohiyo ndiyo inayotema siprofloksasini, yaani sipro. Mlango ni mmoja. Hakuna bakteria anayeuliza kama sumu imetoka msituni au kiwandani.

Mfano wa karibu zaidi uko ng'ambo ya mipaka yetu. Artemisinini imetoka kwenye jani, artemisia, na Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuifikisha kwa wagonjwa. Si dawa ya bakteria, ni ya malaria, lakini kama kweli jani lingekuwa na kinga ya Mungu dhidi ya mazoea, hapo ndipo tungeiona. Mwaka 2020 watafiti walieleza vimelea vya malaria nchini Rwanda vyenye mabadiliko yanayovisaidia kustahimili artemisinini. Mwaka 2021 ikaja habari kama hiyo kutoka kaskazini mwa Uganda. Mbu hawaombi viza mpakani Kasindi. Wale wanaonywa chai ya artemisia kidogo leo, kidogo kesho, wakidhani wanajikinga, wanavipa vimelea hivyo kionjo cha dawa bila kuviua, na Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi hayo.

Mtu asidhani kwamba kwa kusema hivi nadharau mti. Katika milima yetu ya Beni na Lubero ziko familia zilizosomesha watoto kwa kinkina. Mti unapandwa, unangojewa miaka, maganda yanachunwa, yanakaushwa juani, yanapimwa kwa kilo, na Bukavu kumekuwa na kiwanda, Pharmakina, cha kutoa kwinini ndani yake. Ulaya ilianza kutumia maganda ya mti huo kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 17, na kwa muda mrefu walikunywa kwa kubahatisha, kwa sababu ganda la mti mmoja lina nguvu na la jirani yake halina kitu, na macho hayawezi kutofautisha. Mwaka 1820 Pelletier na Caventou, Paris, walitenga kwinini yenyewe. Kuanzia hapo iliwezekana kusema: mtoto wa uzito huu, miligramu hizi, mara hizi. Mkulima wa Lubero anayeuza maganda leo anauza kitu ambacho thamani yake nzima inatokana na kupimwa kilichomo ndani.

Na baadaye kwinini nayo ilihojiwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lilichukua watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, yetu ikiwemo. Nusu walipata kwinini, nusu artesuneti inayotokana na lile jani la artemisia. Upande wa kwinini walikufa asilimia 10.9, upande wa artesuneti asilimia 8.5. Mzazi, tazama tofauti hiyo. Katika kila watoto 100, ni 2 au 3. Hakuna mganga yeyote, wa hospitali au wa kienyeji, awe na miaka 40 ya kazi, ambaye angeweza kuiona kwa macho akipita kitanda hadi kitanda. Ilibidi wahesabiwe maelfu. Mti wa baba zangu ulishindwa na jani la China, na watoto wanaoishi leo kwa sababu ya ushindani huo hawana idadi. Ndiyo maana mtu akiniambia "nimeona kwa macho yangu dawa hii inaponya", namwamini kwamba ameona aliyepona. Sijui kama amepona kwa dawa.

Hapo huja hoja ya wazee: waliishi bila antibiotiki. Waliishi walioishi. Waliokufa hawakuacha mjukuu wa kusimulia. Mwaka 1941, kabla penisilini haijawafikia wagonjwa wa kawaida, madaktari wa hospitali moja ya Boston walichapisha hesabu ya wagonjwa 122 waliokuwa na Staphylococcus aureus katika damu. Walikufa asilimia 82. Hao walikuwa na vitanda safi, wauguzi, chakula cha kutosha na maktaba nzima ya mitishamba ya Ulaya. Bibi zetu walikuwa wakizaa watoto kumi na kuzika wanne, na wimbo wa kubembeleza haukutaja hao wanne.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alijikata muundi kwa panga shambani. Nalieleza jambo hili kwa shida kwa sababu nilikuwepo. Siku ya kwanza mtu alitwanga majani akayafunga juu ya kidonda. Siku ya nne kidonda kilianza kunuka. Jirani mwenye nia njema alifungua kapsuli mbili za rangi mbili akanyunyiza unga wake juu ya usaha. Siku ya nane tulinunua sipro, vidonge sita, vikafungwa katika kipande cha daftari, kwa sababu pesa ya vidonge kumi na vinne haikuwepo na muuzaji hakuona tabu kukata. Homa ilishuka, tukashukuru. Ikapanda. Ikaja chupa ya sokoni. Wiki ya nne muuguzi mmoja alikikamua kidonda, akagusa mfupa. Kijana ni mzima, anatembea, lakini anaburuta mguu, na shambani hawezi kushinda.

Nimekaa na jambo hilo usiku mwingi. Ningependa kumlaumu mwenye majani, lakini haki hainiruhusu, kwa sababu mwenye kapsuli alifanya kitendo kilekile, na mwenye sipro alifanya kitendo kilekile, nami niliyelipa nilikifanya pia. Wote tulimtibu bila kujua. Hakuna aliyeuliza ni bakteria gani, hakuna aliyekosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, hakuna aliyetoa usaha uliokuwa umefungiwa ndani. Tulikuwa tukibadilisha kitu mkononi huku mkono ukibaki gizani. Na hapo ndipo ugomvi wangu na wapenzi wa majani ulipo. Wanasema antibiotiki zimetuangusha. Antibiotiki hazikutuangusha, tuliziuza kama karanga. Usugu umezaliwa na kubahatisha, nao wanataka kuutibu kwa kubahatisha kwingine, safari hii kwa kitu ambacho hata kipimo chake hakijulikani.

Tazama tifoide ya mji wetu. Mtu ana homa siku tatu, anapimwa Widal, kipimo cha tifoide kinachoweza kuonyesha alama kwa mtu aliyeugua zamani au mwenye homa nyingine kabisa, anatoka na karatasi ya "tifoide plus malaria". Anapewa sipro au sindano za seftriaksoni, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani, tangu lilipogawa antibiotiki katika makundi mwaka 2017, limeiweka katika kundi la kutumiwa kwa uangalizi. Asipopona anaambiwa bakteria wake ni sugu. Labda hakuwa na bakteria tangu mwanzo. Kisha anakwenda kwa chupa, homa ya virusi inaisha yenyewe siku ya saba kama ambavyo ingeisha, na chupa inapata shahidi mpya mwenye sauti kubwa.

Najua vidonge si vitakatifu. Kati ya mwisho wa 2014 na 2015, jirani zetu wa Ituri walishuhudia watu zaidi ya 1,000 wakikakamaa shingo, uso na ulimi, wengi wao watoto, na ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ulikuta kwamba vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu vilikuwa na haloperidoli. Kidonge kilidanganya, na maabara ndiyo iliyokikamata. Niambie, chupa ya sokoni ikidanganya itakamatwa na nani? Haina nambari ya toleo, haina tarehe, haina jina la mmea. Aliyeichemsha jana hawezi kurudia kile kile kesho, kwa sababu majani ya masika si ya kiangazi, na ya bondeni si ya mlimani.

Huambiwa kwamba majaribio ya kweli ni mambo ya nchi tajiri, kwamba huku vita na barabara haviruhusu. Beni na Butembo ni mahali pa mwisho duniani ambapo mtu anapaswa kuthubutu kusema hivyo. Ebola ilitangazwa 1 Agosti 2018 na kuisha 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya wiki moja. Katikati ya hayo, kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 waliingizwa katika jaribio la kulinganisha dawa nne, kila mmoja akipangiwa dawa kwa bahati nasibu ili asiwepo wa kupendelewa. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. ZMapp ndiyo iliyokuwa na sifa wakati ule. Na ajabu ni kwamba ilikuwa ikikuzwa ndani ya majani ya jamii ya tumbaku. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya muda kwa sababu majibu yalikuwa wazi: waliopata ZMapp walikufa karibu nusu, waliopata dawa mbili mpya walikufa karibu theluthi. Moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Dawa ya Kikongo, iliyothibitishwa na miili ya watu wa kwetu, ndani ya mahema, huku risasi zikisikika.

Sasa nikisikia kwamba kumwomba mganga wa mimea ushahidi ni kumletea masharti ya wazungu, moyo unaniuma. Watu wetu waliokuwa wakitapika damu walikubali kuhesabiwa ili dunia ijue ukweli. Jani lina heshima gani inayozidi yao hata lisihesabiwe? Na hizo antibiotiki zinazoitwa za kizungu, penisilini ilitoka kwenye ukungu, streptomaisini ilitoka kwa vijidudu vya udongo, vankomaisini ilitoka kwa vijidudu vya udongo wa Borneo. Udongo hauna rangi ya pasipoti. Nitasema na jambo lisilopendeza: katika miaka zaidi ya 80 ya kutafuta, hakuna hata moja kati ya antibiotiki zinazotegemewa hospitalini kwa nimonia au sumu ya damu iliyotoka kwenye mmea wenye majani. Siwezi kusema haitatoka. Lakini anayemwambia mama mwenye mtoto anayehema kwamba imeshatoka, na inauzwa pale kwenye kona, anamwibia saa ambazo mtoto hana.

Dharau ya kweli iko mahali pengine. Mkubwa akiugua anasafirishwa ng'ambo, anaoteshwa damu, anatafutiwa dawa inayomfaa. Mkulima wa Lubero anapongezwa kwa utajiri wa msitu wake. Sifa za majani zimekuwa njia rahisi ya kutompa mkulima maabara.

Kuna mahali jani lina haki yake, na ningekuwa mwongo nisipolipa. Asali juu ya jeraha la moto au kidonda imefanyiwa kazi ya kutosha hata hospitali za nchi tajiri hutumia ile iliyosafishwa kwa ajili hiyo, na sababu zake zinajulikana: inafyonza maji, ina asidi, inatoa haidrojeni peroksidi kidogokidogo. Kikohozi cha mafua na aina nyingi za kuhara havihitaji antibiotiki hata kidogo. Kama tangawizi na maji ya chumvi na sukari vitamfanya mama asinunue amoksisilini bila sababu, basi tangawizi imepunguza usugu kuliko semina kumi. Wajerumani walifanya jambo ninalotamani kuliona hapa. Waliwachukua wanawake 398 wenye maambukizi mepesi ya mkojo, nusu wakapewa dawa ya majani ya uva-ursi, nusu antibiotiki, na majibu yakachapishwa mwaka 2021. Waliopewa majani walitumia antibiotiki kidogo zaidi, pungufu kwa asilimia 63.6. Lakini waliumia zaidi, na wengi zaidi kati yao maambukizi yaliwapanda mpaka kwenye figo. Hilo ndilo jibu la mtu mzima: linakupa faida na gharama yake, nawe unachagua ukiwa na macho.

Kazi ya namna hiyo inaweza kuanzia Kasugho. Mji huo mdogo wa milimani uko jirani na msitu wa Tayna, ambao serikali iliutambua kuwa hifadhi mwaka 2006 baada ya wenye ardhi wenyewe kukubaliana kuwalinda gorila, na chuo kikuu kilichopo pale kilizaliwa na juhudi hizo. Vijana wanasoma biolojia wakiwa jirani ya msitu ambao wengine wanauona kwenye picha. Ningewaomba wasipime duara la mia moja na moja. Wanunue chupa tano za muuzaji mmoja, wiki tano tofauti, waone kama ni kitu kimoja. Wapime kama maji ya mubirizi yanadhuru figo za panya kabla hayajapewa mwanamke mjamzito. Wahesabu watoto wangapi wamefika zahanati siku ya sita kwa sababu siku tano zilikwenda kwa mganga, na wangapi kwa sababu siku tano zilikwenda kwa kapsuli za rejareja. Na wakumbuke mti wa Prunus africana: dunia ilipoamini kwamba ganda lake linasaidia tezi dume, miti ya milima ya Kivu ilichunwa mpaka ikafa imesimama, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES. Siku jani la Tayna litakapotangazwa kuwa mshindi wa bakteria sugu, watakaofika wa kwanza msituni watakuwa na panga na magunia.

Kwa mgonjwa wa leo, kitu kinachokosekana ni chupa nyingine, ile ya kuoteshea damu, pamoja na fundi wa maabara anayelipwa mshahara, umeme usiokatika kwenye jokofu, maji ya bomba katika chumba cha kujifungulia. INRB ina maabara Goma, lakini barabara ya kwenda huko si ya kutegemea, na tangu waasi wa M23 wauteke mji huo Januari 2025 umbali umeongezeka bila kilomita kuongezeka. Butembo ni mji wa wafanyabiashara waliojenga maghorofa bila kusubiri serikali, wakachanga hata kwa ajili ya umeme na barabara. Mji kama huo hauwezi kuniambia kwamba chumba kimoja cha kuotesha bakteria kinaushinda.

Mara ya mwisho nilipopanda kuelekea Kasugho nilimtembelea mama mmoja mzee anayetibu kwa mimea, ambaye watu hutoka vijiji vya mbali kumfuata. Aliniweka kwenye kiti cha nje, akanionyesha majani yake yamening'inizwa chini ya paa, kila fungu na kamba ya rangi yake. Nilimuuliza, Mama, ukiletewa mtoto mwenye homa anayehema haraka, kifua kinaingia ndani, unampa lipi kati ya haya? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Huyo simpi kitu," alisema. "Ninamwita kijana wa pikipiki."

Kisha akaingia ndani, akatoka na mkebe wa maziwa ya unga, akaufungua. Ulikuwa na noti zilizokunjwa za faranga, kidogo kidogo, alizokata katika malipo ya wagonjwa wake. Alisema ni za mafuta ya pikipiki, kwa sababu akina mama wengi hufika kwake usiku bila kitu mkononi.